Anayekuja Kanisani Kutafuta Ndugu Asidharauliwe



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi neno ambalo limekuwa likisikika mara nyingi katika vikao vyetu, na ambalo kwa maoni yetu yafaa lipimwe kwa makini kabla halijageuka kuwa desturi. Neno lenyewe ni hili: kwamba wengi wanaojiandikisha siku hizi katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hawamtafuti Mungu, wanatafuta watu. Wanatafuta watu wa kuwazika, watu wa kuwachangia harusi, watu wa kuwatembelea hospitalini, na mwenyekiti wa kuwaandikia barua ya utambulisho. Wanaolisema neno hili si watu wabaya. Ni viongozi waaminifu, waliochoka kuwaona watu wakijitokeza wakati wa shida na kutoweka shida inapokwisha. Kutokana na uchovu huo hutoa pendekezo: masharti yakazwe, kadi zikaguliwe, na asiyeshiriki asihudumiwe.

Sisi tunaona vingine, na tunaomba mtusikilize kwa uvumilivu. Tunaona kwamba mtu anayekuja Kanisani kwa sababu ni mpweke hajakosea mlango. Njaa yake ya kuwa na watu wanaomjua ni njaa aliyoumbwa nayo, na Mungu amekuwa akiitumia tangu zamani kuwavuta watu kwake. Kazi yetu ni kuipokea njaa hiyo na kuilea mpaka ikomae. Tukiidharau, tutamfukuza mtu mlangoni kabla hajaonja kilichomo ndani. Na tukiigeuza kuwa biashara, tutampa jiwe alipoomba mkate.

Tuanze na mahali tulipo. Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya watu walioondolewa kwao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, baada ya Waingereza kuutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hili lilitumiwa kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Wapagazi wa vita ile walichukuliwa vijijini kwa maelfu, wabebe risasi na chakula cha askari, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Walio wengi hawana kaburi lenye jina. Kila tunapolitaja jina la mtaa wetu, basi, tunawataja pasipo kufahamu watu waliokufa mbali na ndugu zao, bila wa kuwalilia.

Baada ya vita Kariakoo ikawa makazi makubwa ya Waafrika mjini. Walikuja Wazaramo wa jirani, Waluguru, Wanyamwezi, Wangoni, Wamanyema na wengine wengi. Yafaa tuangalie walifanya nini walipofika, kwa maana hawakukubali kuishi kama watu wasio na watu. Waliunda vyama vya watu wa asili moja, ili wasaidiane katika ugonjwa na kuzikana katika kifo. Waliunda vikundi vya ngoma. Walijenga nyumba za ibada, na mpaka leo Msikiti wa Manyema unatukumbusha kwa jina lake watu ambao asili yao ilikuwa mashariki ya Kongo. Mwaka 1929 ikaanzishwa mjini humu African Association, ambayo baadaye ilizaa TANU tarehe 7 Julai 1954, katika mtaa tunaouita leo Lumumba. Mwaka 1935 ikazaliwa klabu ya Yanga, na mwaka uliofuata ikazaliwa ile ambayo leo ni Simba. Tunaoishi hapa tunajua kwamba hizo hazikuwa klabu za mpira peke yake. Zilikuwa ukoo mpya wa watu walioacha ukoo wao nyumbani.

Historia hiyo inatufundisha kwamba hamu ya kuwa mmoja wa watu fulani haikuletwa na Kanisa, na wala si udhaifu wa Wakristo vuguvugu. Ndivyo mwanadamu alivyo. Wahenga walisema mtu ni watu, na Kitabu cha Mwanzo kinatueleza kwamba hata kabla ya dhambi kuingia ulimwenguni, Mungu aliona upweke wa Adamu kuwa jambo lisilofaa (Mwa 2:18). Upweke ulionekana kuwa si vema wakati kila kitu kingine kilikuwa chema. Itakuwaje basi sisi tuwashangae watu kwa kuukimbia?

Hata mwanzo wa Kanisa Katoliki katika pwani yetu hauko mbali na jambo hili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, waliwakusanya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa watoto. Hao hawakuwa na ukoo wa kurudia. Walikuwa wametekwa, wametembezwa mamia ya maili, wameuzwa. Ukristo wao ulianza kwa kupata mahali pa kulala, jina, shamba na majirani. Mtu angeweza kuwaambia wakati ule kwamba hawamtafuti Mungu, wanatafuta watu. Lakini katika watu hao wasio na kwao likaota Kanisa ambalo sisi sote tunakula matunda yake.

Hata hivyo, ukurasa huo wa historia una onyo pia, na hatupendi kulificha. Maisha ya misheni ile yalikuwa na taratibu kali za kazi na nidhamu, na wako waliotoroka. Mtu aliyetoka katika minyororo alijua haraka tofauti kati ya kuwa ndugu na kuwa mali. Onyo hilo tutalirudia, kwa sababu linatugusa hata leo.

Sasa tujiulize: mtu anayebisha hodi katika ofisi ya parokia hutafuta nini hasa? Tukiwasikiliza kwa utulivu wanaokuja kuomba mafundisho ya ubatizo, kurudi baada ya miaka mingi, au kuandikishwa katika jumuiya, tunasikia mambo machache yakirudiwa. Wanataka kujulikana kwa jina. Wanataka wasipoonekana pawepo mtu wa kuuliza. Wanataka watoto wao wakue wakiwa na wakubwa wengine wanaowaamkia na kuwaheshimu, mbali na babu na bibi waliobaki mkoani. Wanataka mashahidi wa ndoa yao ambao watakumbuka walichoshuhudia. Na kweli, wanataka wakifa wasizikwe na manispaa.

Hamu hiyo ina uzito mkubwa zaidi katika mji kama huu. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam kuwa 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikawahesabu kuwa 5,383,728. Kwa miaka kumi mji umeongezeka watu zaidi ya milioni moja. Wengi wanaopita Kariakoo kila siku hawajulikani kwa majina yao. Mmoja anaitwa "kuli", mwingine "bosi", mwingine "dada wa fremu ya pili", mwingine "mchagga wa viatu". Majina hayo yanatosha kwa biashara, lakini hayatoshi kwa mtu.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na makumi ya wengine waliokolewa kutoka katika kifusi. Tuendelee kuwaombea marehemu wapumzike kwa amani, na majeruhi wapate faraja. Msiba wa namna ile huleta swali zito: ni nani alikuwa ndani? Mwenye duka hujulikana. Lakini yuko kijana aliyeingia kubeba mzigo kwa ujira wa siku moja, na yuko mteja aliyeshuka basi asubuhi kutoka mkoani bila kumwambia mtu anakwenda duka gani. Nani atasema, "Fulani hajarudi"? Tunaamini kwamba moja ya huduma kubwa ambazo Kanisa linaweza kumpa mtu wa mjini ni kumhakikishia kwamba yupo mtu wa kusema maneno hayo.

Kanisa lenyewe linalifahamu jambo hili katika liturujia yake. Katika ibada ya kuwapokea wakatekumeni, swali la kwanza analoulizwa mtu mlangoni ni jina lake. Swali la pili ndilo linalohusu anachokiomba kwa Kanisa, naye hujibu kwamba anaomba imani. Utaratibu huo una hekima. Kanisa halimwulizi mtu habari za imani yake kama karani anavyomhoji mgeni asiyemjua. Linamwuliza kwanza yeye ni nani. Naye Bwana wetu anajieleza kuwa mchungaji anayewaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake (Yn 10:3). Alipomwona Zakayo juu ya mkuyu alimwita kwa jina na kujikaribisha nyumbani kwake, na ahadi ya kuwarudishia watu mali yao ilikuja baadaye, baada ya mtu huyo kupokewa (Lk 19:1-10).

Tumtazame pia Ruthu, mwanamke wa Moabu, mjane na mgeni. Alipokataa kumwacha mama mkwe wake Naomi, alitaja mambo mawili: watu wa Naomi na Mungu wa Naomi (Rut 1:16). Mtaona kwamba aliwataja watu kwanza. Aliingia katika imani ya Israeli kwa mlango wa upendo kwa mkwewe, na Mungu hakumrudisha nyuma akajifunze kuanza upya kwa nia safi zaidi. Badala yake alimfanya kuwa mama wa babu yake Mfalme Daudi, na Mathayo akaliandika jina lake katika ukoo wa Masiha (Mt 1:5). Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba neema haiji kuyavunja maumbile yetu, huja kuyakamilisha. Hamu ya kuwa na ndugu ni sehemu ya maumbile hayo.

Tunajua kwamba mtu anaweza kutujibu kwa Injili ileile. Je, Yesu hakuwakemea watu waliomfuata kwa sababu walikuwa wamekula mikate wakashiba (Yn 6:26)? Aliwakemea, ni kweli. Lakini yatupasa tusome sura nzima. Kwanza aliwalisha, na hakumhoji mtu nia yake kabla ya kumpa mkate. Kesho yake, walipomtafuta, ndipo alipoanza kuwaongoza kutoka mkate wa tumbo kwenda Mkate wa Uzima. Mafundisho hayo yalikuwa magumu na wengine waliondoka. Yesu aliacha waondoke kwa sababu ya neno gumu, lakini hakumzuia yeyote kukaa chini na kula. Mpangilio huo ndio tunaoutaka katika jumuiya zetu: kumpokea mtu, kumlisha, kumfundisha, na kumwachia uhuru wake.

Hapa ndipo tunapoona tofauti kati ya Kanisa na vyama vingine vya watu. Hatuvidharau vyama hivyo. Matawi ya mashabiki huchangiana katika misiba, vikoba huwainua akina mama lishe, na umoja wa watu wa mkoa mmoja humsafirisha marehemu mpaka kwao. Ni mema yanayostahili shukrani. Hata hivyo, katika vyama hivyo tunakutana na watu tuliowachagua, au wanaofanana nasi kwa asili, kwa kazi au kwa jezi. Kanisa hutuketisha benchi moja na watu tusiowachagua. Mwenye ghorofa na mpangaji aliyepandishiwa kodi hupokea Ekaristi ileile. Mwenye duka na kijana aliyemwachisha kazi mwezi uliopita huambiwa wapeane amani. Mshabiki wa Simba na wa Yanga husali pamoja Dominika, siku moja baada ya mechi, na hilo nalo kwa hapa petu si jambo dogo! Mtume Paulo aliwaambia Waefeso kwamba wale waliokuwa wageni sasa ni watu wa nyumba ya Mungu (Efe 2:19), na nyumbani mtu hachagui kaka yake.

Kwa sababu hiyo, kuwa mmoja wetu kuna wajibu wake. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo wengi huielewa kuwa ya kumkaripia mgeni mvivu. Sisi tunaiona pia kuwa ya heshima, kwa maana kumpa mtu jembe ni kumwambia kwamba shamba hili sasa ni lake pia. Mwamini mpya asipopewa la kufanya, atabaki mgeni hata akae miaka kumi. Tumpe somo la kusoma katika jumuiya, tumtume pamoja na wengine kumtembelea mgonjwa, tumwombe apange viti na mikeka. Kuchangia mahitaji ya Kanisa nako ni sehemu ya jembe hilo, na Sheria ya Kanisa inawataka waamini kufanya hivyo (kanuni ya 222). Hatusemi, basi, kwamba jumuiya iwe mahali pa kupokea tu.

Tunachokikataa ni jembe kugeuzwa kuwa rungu. Kuna maneno yanayosemwa katika jumuiya mbalimbali za mji huu, hasa nyakati za msiba, ambayo yanatuumiza: "Huyu hatukumjua, kadi yake haina kitu, wazikane wenyewe." Wapendwa, tusome Sheria ya Kanisa inasema nini. Kanuni ya 1176 inaagiza kwamba waamini marehemu wapewe mazishi ya Kikanisa. Kanuni ya 1183 inawahesabu hata wakatekumeni pamoja na waamini katika jambo hilo. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa, endapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioasi imani hadharani, wazushi na wafarakano, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Katika orodha hiyo hayumo mtu asiyehudhuria jumuiya, wala mwenye deni la michango, wala maskini asiyekuwa na bahasha. Nayo kanuni ya 848 inaagiza kwamba wahitaji wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao.

Tukimnyima mtu mazishi kwa sababu ya kadi, tunakuwa tumeigeuza jumuiya kuwa bima. Bima humlipa aliyelipa, na hilo ni haki kwa bima. Lakini familia humzika mtoto wake hata yule aliyeondoka bila kuaga, na mara nyingi humlilia huyo zaidi. Maaskofu wa Afrika walipokutana katika Sinodi mjini Roma mwaka 1994, walichagua kuliita Kanisa Familia ya Mungu, na Papa Yohane Paulo wa Pili akalithibitisha fundisho hilo katika waraka wake, Ecclesia in Africa, wa mwaka 1995. Hatuwezi kuimba kwamba sisi ni familia siku ya Dominika, kisha Jumatatu tukawa kampuni. Asiyekuja jumuiya atembelewe akiwa hai, asisubiriwe jenezani.

Na hapo tunafika penye ugumu wa pekee wa Kariakoo. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976 huko Nairobi, walifanya uamuzi wa busara wa kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo, mahali ambapo watu wanaweza kufahamiana. Uamuzi huo umelibeba Kanisa letu kwa miaka 50 sasa. Lakini jumuiya hizo hujengwa juu ya ujirani wa makazi, na Kariakoo makazi yanapungua. Nyumba za vyumba sita, zilizokuwa na uani na barazani, zimebomolewa na kupisha maghorofa ya maduka na stoo. Waliokuwa wakazi wamehamia Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Chanika. Wanaamka saa kumi usiku, wanafungua biashara Kariakoo, wanarudi kwao usiku, na Jumamosi asubuhi jumuiya ya nyumbani inaposali wao wako tena dukani, kwa kuwa Jumamosi ni siku ya soko.

Matokeo yake ni nini? Mtu huyo nyumbani anaandikwa mtoro, na Kariakoo, anakoshinda saa kumi na nne kwa siku, haandikwi popote. Anaowafahamu kwa kweli ni wenzake wa mtaa wa biashara: ndio wanaomlindia meza akienda kula, ndio wanaojua kwamba mtoto wake anaumwa. Kisha tunamshangaa anapojiunga na kikundi cha sala kinachokutana jirani na duka lake saa saba mchana, ambako mchungaji anamjua kwa jina na humpigia simu akikosekana siku mbili! Tunapenda kusema kwamba wanaoondoka wamefuata miujiza. Wako wa namna hiyo, lakini wengine wengi hawakufuata muujiza wowote. Walifuata salamu.

Hivyo basi, tunapendekeza mambo manne, ambayo tutaiomba Halmashauri ya Walei iyajadili katika kikao chake kijacho.

Kwanza, tuanzishe jumuiya za mahali pa kazi, mtaa kwa mtaa wa biashara, zikutane mara moja kwa juma kwa muda usiozidi nusu saa, alfajiri kabla ya kufungua au mchana. Waamini wenyewe wachague saa inayofaa, kwa sababu hao ndio wanaojua mteja huja lini. Jambo hili haliendi kinyume na utaratibu wa Kanisa. Sheria yenyewe, katika kanuni ya 518, inakubali kwamba ingawa parokia kwa kawaida huwa ya eneo, yaweza pia kuundwa kwa kufuata hali nyingine za watu. Ikiwa parokia yaweza, jumuiya itashindwaje?

Pili, ushiriki wa mtu katika jumuiya ya kazini utambuliwe na parokia anakoishi. Tutazungumza na mapadre wenzetu ili barua moja kutoka huku itoshe kule, asije mtu akazunguka siku tatu kutafuta sahihi kwa ajili ya ubatizo wa mtoto.

Tatu, kila mwamini mpya apewe mtu mmoja wa kumsindikiza kwa mwaka wa kwanza. Asiwe mkaguzi. Awe mtu wa kukaa naye benchi, kumtambulisha kwa wengine, na kujua anapoishi. Kikundi cha simu ni chombo kizuri cha kutangaza misiba na michango, lakini hakimbebi mgonjwa kwenda hospitali, na hakioni macho ya mtu aliyelia usiku.

Nne, tubadilishe swali linaloanza vikao vya jumuiya zetu. Katika jumuiya nyingi mhazini husimama mapema kusoma majina ya wasiolipa. Tunaomba kabla ya hapo mwenyekiti aulize, "Nani hatumwoni leo?" na asiendelee mpaka apatikane mtu wa kwenda kumwona. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika familia ya Kristo methali hiyo tuigeuze: asiyekuwepo, lake ndilo la kwanza.

Tunajua kwamba wako watakaotutumia. Watakuja, watazikiwa mzazi, watachangiwa harusi, na hatutawaona tena. Hilo litatokea, na tusijidanganye. Lakini Bwana aliponya wakoma 10 na akarudi mmoja kushukuru (Lk 17:11-19). Aliuliza kwa uchungu waliko wale tisa, lakini hakuwarudishia ukoma wao. Jumuiya isiyotaka kutumiwa na mtu yeyote italazimika kufunga mlango wake kabisa, na mlango huo ukishafungwa, yule mmoja ambaye angerudi naye atabaki nje.

Ndugu zetu wapendwa, katika juma hili tunawapa zoezi dogo. Kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja ambaye humwona kila siku mtaani au kanisani bila kulijua jina lake: mbeba mizigo, mama anayeuza uji, mlinzi wa usiku, kijana anayekaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka. Amwulize jina lake, naye ataje lake. Jina hilo alipeleke mbele ya Mungu katika sala ya jioni. Na Dominika ijayo, asipomwona, amwulizie.

Tunawaombea baraka za Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, ziwe juu yenu, juu ya familia zenu na kazi za mikono yenu. Mama Maria, Mama wa Kanisa, atuombee.

Tumsifu Yesu Kristo, milele amina.